Na Huyo Mmoja?

Boston, hii ya Lincolnshire,
si ile ya Marekani ambako mama zangu wadogo
mpaka leo wanaamini ndiko ninakoishi.
Saa tisa alasiri, kiza kishaanza kupiga hodi.
Tunu ananisukumia daftari lenye wino mwekundu.

Watoto ishirini na tisa wanakwenda kutazama bata bukini
kwenye matope ya pwani. Gari moja hubeba wanne.
Yatahitajika magari mangapi?
Kaandika: *saba, baki moja.*
Na pembeni Bi Thackray, kwa mwandiko wa sisimizi:
*Na huyo mmoja?*

"Lakini hesabu ni sahihi, Mama."

Ni sahihi. Nne mara saba, ishirini na nane,
na mmoja kasimama langoni kwa shule,
mkate wake ndani ya karatasi,
akitazama taa za gari la saba zikikata kona.

Liite la nane, nikamwambia.
Liende na mtoto mmoja na viti vitatu vitupu.
Hakuna dereva wa robo gari.

Akafuta. Akapuliza vumbi la raba.
Kisha, kwa kuwa ana miaka minane na hasamehe:
"Kwa hiyo kila mara tunaongeza moja?"

Hapana.

Sikiliza. Kazini mayai huja juu ya mkanda,
nami nayalaza sita sita, ncha chini,
mpaka vidole vinasahau ni vya nani.
Alfajiri ya leo mkanda ulisimama,
mbele yangu mayai mia mbili na matatu.
Visanduku thelathini na vitatu vikajaa, vikafungwa.
Matano yakabaki.
Hapo huongezi kitu. Duka halinunui kisanduku chenye pengo.
Danuta, msimamizi, alitazama dari
kwa muda uleule niliohitaji kufungua mkoba.

"Ndiyo haya tunayokula?"
Ndiyo haya.

Akayahesabu kwenye bakuli.
"Na kama yangebaki sita?"
Yasingebaki. Sita ni kisanduku.
Baki ni kile kilichokaribia kuwa kitu
kikapungukiwa kidogo,
au kikapungukiwa sana; lakini kikitimia tu
hulioni tena jina lake.

Alinyamaza. Nilidhani nimeshinda.

"Mara tunaongeza, mara tunaacha. Nani anajua lipi?"
Swali lenyewe ndilo linalojua, mwanangu.
Ishirini na tisa haijui kama ni watoto au ni mayai.
Wewe unajua.

Nikawasha jiko. Mafuta yakaanza kunong'ona.
Nyuma yangu nikasikia kiti kikiburutwa,
na kalenda ikichomolewa kwenye mlango wa friji.

Onyesho la shule. Yeye ni mnara wa taa:
hasemi neno, anazunguka tu na tochi kichwani.
Zimebaki siku hamsini na tatu,
na zamu zangu zinaanza kesho:
usiku nne kazini, mbili nyumbani,
kisha tena nne, kisha tena mbili,
basi la kampuni likinijia saa kumi na moja jioni
bila kuuliza nani ni mnara.

Akaandika hamsini na tatu. Akagawa kwa sita.
Nane. Akaitazama ile nane
kama mtu aliyeletewa barua ya jirani,
akaikata kwa mstari mmoja.

"Baki tano," akasema polepole.
"Moja uko kazini. Mbili uko kazini. Tatu, nne, uko kazini."
Akanyanyua kidole gumba.
"Tano."

Sikumwambia kwamba Danuta hubadilisha ratiba
kwa ujumbe wa simu, saa sita usiku, bila salamu.
Hesabu yake ilikuwa sahihi.

Naye hakuiamini. Akarudi kwenye kalenda,
kijumba kwa kijumba, mdomo ukitembea,
kumi na nane, kumi na tisa,
nami nikavunja yai la tano.