Kigingi cha Kumi na Saba

Mpima wa wilaya alitaka laki nne,
chakula cha mchana, na gari limfuate Moshi mjini.
Elinami alitaka miti mitatu ya mkaratusi,
misumari, uzi wa kushonea viatu,
na jiwe. "Lolote, mwalimu, mradi liwe zito."

Ni yuleyule Elinami niliyempa sifuri ya jometri
darasa la sita; akalia, nikamwambia afute makamasi.
Leo ananishikisha nyundo.

Tukaunda herufi A, ndefu kunipita,
mguu huku, mguu kule, ubavu mmoja katikati,
uzi ukining'inia kutoka utosini.
Uzi ukitulia, chora unapogusa ubavu.
Sasa geuza: mguu wa kushoto ukae ulipokuwa wa kulia.
Chora tena.
Alama mbili, na kati yake vidole vitatu.
"Ipi ya kweli?" nikauliza, kama mtoto.
"Hakuna. Tafuta katikati yake."

Nilipachora kwa wino mwekundu,
ule wa kusahihishia.

Miaka yote nimeliamini jicho.
Lakini jicho la Kirua limelelewa na Kibo:
likishauona mlima, kila kitu kingine huliongopea.
Kila masika maji yalishuka yakinicheka,
yakabeba mbolea ya ng'ombe wawili, maharage,
mwaka mmoja na ndara yangu ya kulia,
yakaenda kulala Kahe bila kuaga.

Tukaanza kwenye mgomba ulioegemea nguzo.
Mguu wa nyuma umekanyaga kigingi, wa mbele unatafuta:
juu kidogo, chini kidogo, chini tena.
Upepo ukivuma, tunangoja.
Sikujua kwamba kupima ni kungoja.
Jiwe linakataa, linakataa,
kisha linanyamaza juu ya wino mwekundu.
Gonga.

Kigingi cha tatu. Cha nane.
A yetu inapiga hatua kama bibi harusi anayeogopa tope.
Mstari ukapinda pale ningeapa umenyooka,
ukapanda mlima, machoni pangu,
na jiwe likasema hapana, ni sawa.
Nikabishana na jiwe.
Elinami alicheka hadi akakalia ndoo.

Kigingi cha kumi na saba kiliangukia ng'ambo ya masale.

Masale ya mpaka. Baba aliyapanda kwa mkono wake
mwaka aliotugawia, mimi na Ndekirwa,
na watu wakauliza tangu lini binti akapewa kihamba.
Ndekirwa hakuuliza. Hakusema kitu.
Miaka kumi na mmoja hajasema kitu.

"Tuishie hapa," nikasema.
Elinami aling'oa unyasi, akautafuna.
"Udongo tutautupa upande wa juu, tupande mabingobingo, sawa.
Ila mtaro ukiishia hapa, utamwaga yote kwenye korongo lake.
Maji hayasomi hati, mwalimu."

Nikakaa chini, kigingi mkononi.
Huku kwetu kila mtu anajua kazi ya jani la sale:
unalipiga fundo, unalipeleka,
na aliyekosewa hawezi kulirudisha.
Lakini nani alimkosea nani?
Baba angejua. Baba hakuacha alama.

Sikupiga fundo. Niliita jina lake tu,
mara mbili, juu ya majani,
nikasema tumekosa mtu wa kushika mguu wa pili.
Uongo: tulikuwa watu wawili, na fremu ina miguu miwili.
Elinami akatazama mawingu.

Alitoka na singilendi, tope hadi magotini.
Hakunisalimu. Aliinama, akautazama uzi
muda mrefu, kama anayesoma barua isiyo yake,
kisha akaushika mguu wa mbele
jinsi tunavyomshika ndama asiyezoea watu.

"Inayumba," akasema.

"Ni upepo," nikasema. "Ngoja."