Nne na Kumi

Maboksi sita ya vigae yalipotea Jumanne ile
hapa Kiborloni, mchana kweupe,
na mwizi hakuwepo.
Bwana Ye aliita kumi, Guo akaandika nne,
mteja akalipia nne, akapakia kumi,
akateremka zake Moshi mjini.

Kumi kwao ni shi, nne ni si.
Ulimi wa Bwana Ye, mtu wa Wenzhou, haukunjiki:
zote mbili humtoka si.
Guo ni wa kaskazini, Harbin,
Kichina cha redio alinyonya nacho.

Mimi karani wao, Anansia wa Mkuu Rombo,
nilidhani Kichina ni kimoja,
kama mtu wa Tanga adhaniavyo Kichaga ni kimoja.
Nilitaka kucheka. Nikakumbuka darasa la tatu,
mwalimu na fimbo yake ya mbuni:
Sema dhambi. Zambi.
Sema tena. Zambi.
Viganja vikavimba kwa kosa la meno.

Jioni Bwana Ye husimama nyuma ya stoo, simu sikioni,
na sauti si ile ya kuagiza saruji;
inashuka, inaruka, inajikwaa kwenye kicheko.
Anasema nini? namuuliza Guo.
Hata mimi, anajibu, hapo ni mgeni.

Mama yule ana miaka themanini na mbili,
lugha ya shule haijafika jikoni kwake.
Mjukuu anayo hiyo tu.
Wakipeana simu, Ye hukaa katikati,
akimtafsiria mama yake damu yake mwenyewe.

Siwezi kuilaani hiyo lugha ya wote.
Bila yake hawa wawili wangeuziana kwa vidole,
na mimi ningeolewaje Machame?
Siku ya posa mama yangu na mama mkwe
walimenya ndizi za mtori kwenye beseni moja,
mlima uleule mgongoni,
wakiongea Kiswahili cha kanisani, polepole,
kama watu walioazima vyombo vya jirani
wakichunga visivunjike.
Wanangu wote wawili huwajibu kwa hicho hicho.
Mama yangu huitikia, kisha hunyamaza kidogo.

Usiku tulihesabu upya.
Guo kwa sauti, Ye midomo ikicheza bila sauti,
mimi kimoyomoyo, kwa Kirombo,
maana hasara siiamini kwa lugha nyingine.
Sita hayakurudi.

Bwana Ye akachukua chaki,
akaandika 10 ukutani, akaizungushia duara.
Kumi, akasema. Kumi safi, ya kuuzia.
Akaandika 4. Nne, akasema Guo,
ikamponyoka ine; nikamrudisha.

Tangu hapo Wachina wawili
wanahesabiana vigae kwa Kiswahili
na mwenye kuwasahihisha matamshi
ni mimi, mimi wa zambi.