Saba ya Vambola

Miaka thelathini na mmoja, katika benki ya damu ya Tartu,
Vambola Ojaste aliandika lebo kwa wino mweusi,
na kila herufi aliipamba kana kwamba inakwenda harusini.
O yake ilikuwa duara kamili, ungeweza kuivaa kidoleni.
Wodini waliutambua mwandiko
kabla hawajausoma.

Kisha mkono ukaanza kutetema.
Haukutetema sana. Ulitosha tu
moja yake iote kofia,
saba yake ipoteze mkanda wa kiunoni,
na sisi tuliokaa naye meza moja,
tuliokunywa kahawa yake na kula mkate wake mweusi,
tuliona, tukanyamaza.
Heshima ina namna yake ya kuua.

Usiku ule lori la magogo liliangukia basi
kwenye barafu ya njia ya Võru.
Mifuko ikaletwa kutoka hospitali tatu,
kila moja na lugha yake:
kwa hawa kibandiko cha kijani ni kundi O,
kwa wale kijani ni plazima,
wengine wameandika tarehe, mwezi umeitangulia siku.
Nilikuwa na miaka ishirini na minne.
Nilisimama mbele ya friji iliyo wazi
kama mkalimani aliyeajiriwa kimakosa.

Hilja Pihlak alipangiwa mfuko unaoishia na moja.
Uliopanda ghorofani uliishia na saba.
Yeye kundi O. Mfukoni, A.
Muuguzi Õnne alikuwa ameshautundika,
kidole tayari kwenye kibano cha mrija,
akageuka kuitazama ile namba mara ya pili.
Hajui kwa nini. Hadi leo hajui.
Akapiga simu chini:
"Vambola, hii uliyoandika ni nini?"

Wahenga walihofia ulimi kujikwaa.
Hawakuijua tarakimu.

Hilja alipona. Jumatatu Vambola alipanda ngazi mwenyewe,
kofia mkononi, akamweleza yote, hakumtaja mtu mwingine.
Sijui walichoambiana baadaye. Alikaa kule saa nzima.

Mashine ilikuwa kwenye sanduku tangu kiangazi,
chini ya dirisha, juu yake chungu cha ua.
Yeye ndiye aliyekiweka.
"Mistari hii," alizoea kusema, "ni gome la mbetula tu,
jeupe, lenye mikwaruzo myeusi.
Msitu wa baba umejaa hayo, na sikuhitaji umeme kuusoma."
Jumanne aliliondoa ua,
akalipasua sanduku kwa kisu cha mkate.

Lebo mpya ina pembe nne, na hakuna pembe inayoota ndoto.
Juu kushoto, namba ya mchango, isiyo na pacha popote.
Juu kulia, kundi: herufi nene iliyoshiba wino ikiwa chanya,
tupu, mzingo mtupu, ikiwa hasi.
Chini, hii ni damu ya namna gani,
na siku itakayokoma kufaa.
Cha Võru sasa kinasema kama chetu,
na kama cha miji ambayo hatutaifika.
Unamulika mfuko, unamulika kikuku cha mgonjwa,
mashine inalia: ti.
Ikikataa, inamkatalia hata daktari mkuu.
Haina haya.
Haijala mkate wa mtu.

Vambola amestaafu. Kila Septemba
hutuletea jemu ya beri nyeusi, mitungi kumi na miwili,
lebo kwa mkono wake, wino uleule,
O bado ya kuvaliwa kidoleni.
Mwaka huu nilimuuliza:
hii umeipika tarehe kumi na moja, au kumi na saba?
Akauinua mtungi dirishani, akaukazia macho,
akacheka hadi miwani ikateleza puani.
"Onja," alisema.