Hakuna Lenzi

Kamera nimeinunua kwa mkopo wa kikoba,
ya kampuni moja. Lenzi za baba ni za kampuni nyingine,
tena ya nchi ambayo siku hizi haimo kwenye ramani.
Dukani, kijana mwenye kitambulisho shingoni
alizitazama kama mtu anayeonyeshwa meno ya marehemu.
"Dada, hizi haziingiliani."

Kweli haziingiliani.
Ya baba huingia kwa kuzungushwa, hesi kwa hesi,
kama kifuniko cha chupa ya achari.
Yangu inataka meno matatu, robo mzunguko, kisha *ta!*
Usiku mezani nilizikutanisha mdomo kwa mdomo,
zikateleza kama wakwe waliokosana kabla ya kujuana.

Nikazifunga katika kanga, hadi Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
kwa Fundi Sechonge mwenye kerezo,
anayechonga bushi za bajaji na vipuri vya mashine za mkonge.
Hakuuliza kampuni. Aliuliza:
"Kutoka mgongo wa lenzi hadi pale mwanga unapotua,
baba yako alizoea umbali gani?"
Milimita arobaini na tano na nusu, kasoro unywele.
"Na hii yako?"
Kumi na nane.
"Basi zilizobaki ndizo pete. Ishirini na saba na ushei
za kitu kisicho na kazi ila kusimama."

Akafuta mikono kwa tambara, akaghani,
au alikuwa ananidhihaki, sijui:

*Pete hii si ya ndoa, haivaliwi chandani,*
*Ni nafasi naitoa, kati yao majirani,*
*Unywele nikipotoa, hutaona baharini,*
*Njoo kesho kutwa, poa, leo umeme sioni.*

Kesho kutwa ikawa wiki mbili.

Pete ya alumini. Ndani ameipaka rangi ya ubao wa darasa
ili mwanga usirukeruke.
Nikaivisha. Kamera ikawaka, ikaandika kwa wekundu:
*Hakuna lenzi.*
Na lenzi ile pale, nzito kama jiwe la mizani.
Hakuna umeme unaopita kati yao, hakuna hata hodi.
Sharti uingie kwenye menyu, ukurasa wa sita,
uipe kamera ruhusa ya kupiga
hata kama inaamini haina jicho.
Nikaipa.

Raskazone nikazungusha mpaka kwenye nane iliyolala ubavu,
alama ya mbali kupita mbali zote.
Mvulana aliyekuwa akila mihogo hatua tano kutoka kwangu
alionekana hadi chembe za chumvi mdomoni.
Kisiwa cha Toten kikabaki uji.

Sechonge hakuomba radhi.
"Mbali ni ghali," akasema, akaikwangua tena nusu milimita,
akapuliza lile vumbi linalong'aa. Pesa hakuchukua.

Chumbageni, uani, Shangazi Mwanamkuu akaketi kwenye kigoda,
akakataa kutabasamu
kama alivyokataa mwaka sabini na tatu mbele ya kioo hiki hiki.
Kona ya kushoto ya picha ikalegea.
Nikaingia ndani kutazama ile ya zamani ukutani:
kona ile ile. Miaka yote nilidhani ni maji ya paa.
"Aliiangusha harusini Mkwakwani," akasema shangazi,
"akaniapisha nisimwambie mama yako."

Usiku nikafungua taarifa za picha.
Tarehe ipo, saa ipo, jina la kamera lipo kwa herufi kubwa.
Pa jina la lenzi pana vistari viwili,
kama fomu ya mtoto asiyejulikana babaye.

Kuna programu ya kujazia. Sijajaza.
Kesho nina harusi Pongwe, na betri ni moja.