Jino la Jumanne

Kila Jumanne Nazibrola humwambia mama mkwe:
"Jino."
Hushika shavu, huvaa koti,
hupanda basi la saa moja kwenda Kutaisi,
mji ambako hakuna amjuaye.

Daktari hana koleo.
Ana kiti, leso za karatasi, na swali moja
ambalo tangu mtoto azaliwe
hakuna aliyemuuliza: Unalalaje?

Wiki ya sita theluji ilifunga njia ya mlimani,
basi halikuja. Akarudi, akaketi jikoni
buti zingali miguuni, analia.

Mama mkwe akaendelea kumenya vitunguu.
Kisha, bila kugeuka:
"Jumanne ijayo tutakwenda sote.
Langu nalo linauma
tangu mwaka ule wa vita.
Na meno, unajua,
sina."