Baki ya Pauni Moja

Barua imekuja tena, ndani ya simu ya mjukuu,
herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Kanisomea: "Mteja wetu mpendwa."
Nikiitwa mpendwa najua nakatwa.
Mwaka juzi pauni tano kwa mwezi,
mwaka jana nane,
sasa kumi na mbili:
ada ya mteja aishiye ughaibuni.

Ughaibuni!
Miaka thelathini na moja nimeosha wagonjwa Leeds,
nikiwageuza ubavu huu na ubavu huu,
nikiwafumba macho wasiokuwa na wa kuwafumba,
na hapa Wete watu wakisema,
Bi Subira yuko ughaibuni.
Nimerudi. Nalala kitanda cha mamangu,
adhana ya Mtemani naisikia kwa sikio langu,
na benki inasema,
Bi Subira yuko ughaibuni.
Basi kwetu ni wapi, jamani,
na mbona kote nalipia?

Nikamwita Shaame Kombo, aliyeendesha mabasi Coventry,
na Asya Makame, aliyefua mashuka ya hospitali
mpaka vidole vikakataa kukunja ngumi.
Tulikaa barazani kwangu, kila mtu na karatasi yake,
kama wagonjwa wanaoonyeshana vidonda.
Asya kaacha nyama, isipokuwa Ijumaa.
Shaame hagusi pesa mpaka miezi minne itimie,
unga anakopa dukani, sukari anakopa,
"ili nikatwe mara moja tu," akasema,
"kama tohara."
Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Ndipo Asya, ambaye skuli aliishia darasa la nne,
akasema: "Kule kwa kule kuhamisha ni bure.
Tuzitie zote mfuko mmoja
zivuke bahari safari moja."
Upatu wa namna yake:
hatupeani kitu,
tunapunguziana kuliwa.

Ada ya kuvusha ilikuwa pauni ishirini na tano.
Nikagawa kwa tatu kwenye daftari la mistari:
nane, nane, nane,
inabaki moja.
Nikasema tuipokezane. Asya akasema tuikate vipande.
Shaame akanyoosha mkono: "Hiyo yangu.
Dereva ndiye wa mwisho kushuka."

Miaka miwili hivyo.
Kila mwezi naenda Chake, dirisha la tatu,
kijana anahesabu noti kama anayechambua mchele.
Narudi nazo kifuani, chini ya buibui,
natenga mafungu matatu juu ya mkeka.
Hakuna hata siku moja
aliyehesabu mara ya pili.

Mfungo Nne, Shaame hakuamka.
Tulimzika Alkhamisi, mvua ikitaka na kukataa.
Mjane wake, Hidaya, akaiandikia benki.
Wanataka cheti. Wanataka tafsiri ya cheti.
Wanataka muhuri, na mtu wa kuthibitisha muhuri.
Na huku wakingoja wanakata,
kumi na mbili, kumi na mbili,
ada ya mteja aishiye ughaibuni.
Hapo, nakiri,
hawakukosea sana.

Jana mjukuu kanisomea nyingine.
Ada ya kuvusha nayo imepanda: ishirini na saba.
Nikafungua daftari, mkono ukaenda wenyewe
kama ulivyozoea:
tisa, tisa, tisa.
Haibaki kitu.
Imekubali kugawika kwa tatu
mwaka huu, tulipobaki wawili.

Asya aliangalia ile hesabu kwa muda.
Halafu akauliza kama dukani kwa Mzee Faki
Shaame aliacha deni la sukari.
Nikasema sijui.
Akajifunga kanga, akatoka kwenda kuuliza.