Jiwe la Sikio

Saa kumi na moja na robo, mwalo wa Kibirizi.
Taa za sola zinazimwa moja moja majini
nami nimekwisha kuchuchumaa na ubao wangu wa kupimia,
namba zimefutika kati ya sita na saba,
kalamu ni ya risasi, maana wino na maji ya ziwa havipatani.

"Mtoto wa Bitaliho, leo unataka wangapi?"
Mlondwa huuliza kila siku, kana kwamba hajui.
Hamsini, baba. Hamsini wowote, usinichagulie.
Huo ndio msingi wa elimu yangu yote: usichaguliwe.
Naye huchagua. Huniwekea wanene juu,
kwa heshima, kama mgeni anavyowekewa kidari.
Natia mkono hadi chini ya sado, nachota gizani.

Saba nukta mbili. Jike. Mayai: bado.
Sita nukta tisa. Jike. Bado.
Sita. Sita kasoro.
Hajajijua.

Mchana, chumba cha nyuma, feni imekufa tangu Machi,
nafungua kichwa cha dagaa kwa sindano mbili,
nakitoa kijiwe kinachokaa penye sikio,
kidogo kuliko punje ya chumvi.
Kila siku aliyoishi, ziwa limemchorea duara.
Nayahesabu kwenye hadubini, pumzi nimeibana:
hapa mapana, hapa mapana,
halafu pale yamesongamana,
wiki ambayo upepo ulikataa, maji ya chini hayakupanda
na chakula kikabaki kule kwenye kiza.
Njaa ina mwandiko wake. Huandika kwa kubana karatasi.

Siku tisini na moja.
Narudi nyuma kwenye kalenda ya ukutani,
kidole kinapita Juni, kinapita Mei,
kinatua.
Nahesabu upya. Tisini na moja.

Usiku ule tulikuwa kwenye korido ya hospitali,
mama ameshika viatu vya kaka Nzohabonayo
kwa kuwa hakuna aliyemwambia aviweke wapi.
Na huko nje, mbali na taa za mji,
yai lisilofika kichwa cha pini lilikuwa likizama,
likizama huku likiharakisha,
likaanguliwa kabla ya kufika kule pasipo na hewa.

Hilo sikuliandika. Fomu haina safu yake.

Jioni namkuta mama kwenye chanja za Katonga,
anageuza dagaa kwa kiganja bila kuwatazama.
"Watoto hawa," anasema. "Wepesi. Wanakauka kabla sijakaa."
Miezi minane ya grafu zangu, na yeye amemaliza.

Mlondwa anapita na galoni ya mafuta begani:
"Enhe, jiwe limesemaje? Tuvue, tusivue?"
Limesema aliishi siku tisini na moja.
"Mimi nina wanne shuleni na deni la injini.
Hayo nayo yamo jiweni?"
Hayamo, baba.
Hacheki, wala hakasiriki. Anahamisha galoni bega la pili.

Nilitaka kumwambia habari za wale wa Bangwe,
samaki wa urefu wa kidole, wanaokaa chini mchangani
ndani ya makombe ya konokono waliokufa zamani.
Jike huingia, hutaga, hugeuka, huchungulia mlangoni
na kumfukuza mpita njia aliye mkubwa mara kumi.
Nimewaona, nimepima makombe mia mbili na kumi na moja.
Matupu yalikuwa tisa tu.
Lakini hilo si jibu la mtu mwenye deni la injini.

Nyumbani viatu viko palepale, chini ya dirisha,
mama hufagia akivizunguka.
Nikainama niondoe vumbi.
Ndani ya kile cha kushoto, penye kisigino,
mjusi ametaga: mayai mawili, meupe kama peremende.

Sikuyapima.